Je, Kupanda Mwamba ni Kumjaribu Mungu?

  

Leo nataka tujibu swali pamoja. Nililetewa na mama mmoja wa kanisa letu, naye ameniruhusu nilieleze hapa mradi nisimtaje jina, wala la mwanawe. Nitaheshimu hilo. Najua wengi mna swali kama lake, ila lenu limevaa nguo nyingine.

Alisema hivi: "Pasta, mwanangu anapanda mawe. Si mlima wa kutembea, ni mawe yaliyosimama wima kama ukuta wa nyumba. Anajifunga kamba, analipa nauli kwa pesa yake mwenyewe, anakwenda kuning'inia. Mimi nimemwambia huko ni kumjaribu Mungu. Hebu mwite umkataze, wewe atakusikia."

Kisha akaongeza jambo ambalo nilijizuia kulicheka. Alisema siku kijana alipomwambia anakwenda Hell's Gate kule Naivasha, alimuuliza jirani maana ya jina hilo. Jirani akamwambia ni Lango la Jehanamu. Mama hakulala usiku ule. Aliomba mpaka alfajiri!

Mpendwa, usimcheke. Mama anayeomba mpaka alfajiri ni hazina. Lakini swali lake linahitaji jibu la Neno, maana kukataza ni rahisi na kufundisha ni kazi.

Kwanza niambie, mtu wa Garissa anaupata wapi mwamba? Sisi tunaishi chini ya mita 200 juu ya usawa wa bahari. Ukisimama penye uwazi utaona mchanga, miiba, ngamia na mbingu. Mto Tana unapita taratibu kwa sababu hakuna mteremko wa kuuharakisha. Ukichukua barabara ya kwenda Thika, ni lazima uende mbali, upite Bangale, ndipo vilima vya mawe vianze kuchomoza upande wa Ukasi na Mwingi. Mtu wa kwetu anayependa kupanda mwamba ni kama mtu wa Marsabit anayependa kuvua samaki wa baharini. Itabidi asafiri.

Na kijana huyu anasafiri kweli. Siku za kazi yuko ofisini kama wewe. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, hukimbia kando ya barabara hadi karibu na daraja na kurudi. Jioni hujining'iniza kwa vidole kwenye ubao aliougongomea juu ya mlango wa chumba chake, akihesabu sekunde. Mama yake alidhani ameanza kuchanganyikiwa. Mara moja kwa mwezi, Ijumaa jioni, hupanda basi la Nairobi, safari ya karibu kilomita 370. Hushuka na abiria wenzake kwenye kizuizi, huonyesha kitambulisho, hurudi ndani, hulala akiwa ameketi. Jumamosi asubuhi yuko Lukenya, kilima cha mawe kilicho karibu na Athi River, takriban kilomita 40 kutoka Nairobi, ambako wapanda miamba wa Kenya wamekuwa wakifanyia mazoezi kwa miaka mingi.

Mama alikuwa na lalamiko jingine: "Na Jumapili hayupo kanisani." Hilo nililizungumza na kijana ana kwa ana. Tulikubaliana hivi: mwamba ni Jumamosi, ibada ni Jumapili. Akiwa kule, aingie kanisa lililo karibu, ndipo apande basi la kurudi. Amelishika neno lake. Huniletea hata muhtasari wa mahubiri aliyoyasikia, na mara nyingine naona aibu jinsi yule mwingine alivyohubiri vizuri!

Lakini sikutaka kumjibu mama kwa mambo ya kusikia. Maandiko yanasema mwenye kujibu kabla ya kusikia ni mpumbavu. Tazama Mithali 18:13. Kwa hiyo nilipokuwa na mkutano wa wachungaji Nairobi, nilitenga Jumamosi moja, nikaenda Lukenya nijionee kwa macho yangu.

Nikuambie nilichokiona.

Nilitarajia kukuta vijana wenye kiburi, wanaorukia mawe kama nyani. Nilikuta watu wasio na haraka. Kabla mtu hajagusa jiwe, hutandaza kamba yote chini na kuipitisha mkononi kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta palipochunika. Huvaa kofia ngumu. Hujifunga mkanda mpana unaoshika kiuno na mapaja. Hufunga fundo lenye umbo la nane, kisha anavuta kila uzi wa fundo hilo mmoja mmoja. Halafu ndipo likaja jambo lililonigusa: hakuna anayejikagua peke yake. Mwenzake humjia, hugusa fundo, huvuta mkanda, hutazama kifungo cha chuma kama kimefungwa. Na yule aliyekaguliwa humkagua mwenzake vilevile. Hata yule mwalimu wao, ambaye amepanda miaka mingi kuliko wote, alikaguliwa na binti aliyeanza mwezi uliopita. Hakukasirika. Alisimama kimya kama mtoto anayevishwa sare ya shule.

Nikamuuliza, "Kwani yeye hajui kufunga fundo?"

Akaniambia, "Pasta, anayejua ndiye anayesahau. Mgeni anaogopa, kwa hiyo anaangalia. Mzoefu anaongea huku anafunga."

Hapo nilinyamaza, maana nilisikia mahubiri kamili. Ndugu yangu mtumishi, wewe uliyeokoka miaka 20, ni nani anayekukagua fundo? Ni nani ana ruhusa ya kukuuliza kuhusu simu yako, pesa zako, ndoa yako, hasira yako? Mchungaji, mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya: kama jibu ni "hakuna", basi wewe unaning'inia juu sana kwa fundo lisilokaguliwa.

Kisha nikaona kamba yenyewe. Nilifikiri kazi ya kamba ni kumvuta mtu juu. Sivyo. Mpanda mwamba hupanda kwa mikono na miguu yake mwenyewe. Kamba hukaa imelegea kidogo, haimbebi, haimsaidii kupanda hata hatua moja. Inangoja. Siku ya kuteleza ndiyo siku yake. Na imetengenezwa ivutike kidogo anapoanguka, ili imshike pasipo kumvunja mgongo. Chini yuko mwenzake, mshika kamba, shingo imeinama nyuma, macho hayabanduki juu. Hapigi gumzo. Hatazami simu. Kazi yake yote ni kumtazama mwingine akipanda, na kuwa tayari.

Nilijaribu kidogo nami. Usiniulize nilifika wapi. Mita chache tu, na mikono ikaanza kutetemeka kama ya mtu mwenye malaria. Kijana wetu akanipigia kelele kutoka chini: "Pasta, sukuma kwa miguu! Unavuta sana kwa mikono!" Kumbe miguu ndiyo yenye nguvu. Mikono kazi yake ni kushika usawa, miguu ndiyo inayobeba. Wengi wetu tunachoka katika wokovu kwa sababu tunang'ang'ania kwa mikono jambo ambalo Mungu ametupa miguu ya kulisimamia. Tunavuta, tunavuta, huku mguu hatujauweka popote.

Sasa turudi kwa swali. Je, huku ni kumjaribu Mungu?

Fungua Luka 4, kuanzia mstari wa 9. Ibilisi alimpeleka Bwana wetu juu ya mnara wa hekalu akamwambia ajitupe chini, malaika watamdaka. Na tazama, alimnukulia Zaburi! Yesu akakataa, akasema imeandikwa kwamba hatupaswi kumjaribu Bwana Mungu wetu. Hapo kumjaribu Mungu ni nini? Ni kuruka kwa makusudi ili Mungu alazimike kukushika. Ni kuacha kamba nyumbani na kuita uzembe wako imani.

Fungua tena 1 Samweli 14. Yonathani anataka kuifikia ngome ya Wafilisti, na njia iko kati ya majabali mawili makali, yaliyokuwa na majina yake, Bosesi na Sene. Mstari wa 13 unatuambia alipanda kwa mikono na miguu, na mchukua silaha wake nyuma yake. Huyo ni mpanda mwamba, mpendwa! Na Mungu alikuwa pamoja naye. Lakini hakwenda peke yake. Alimwambia mwenzake mpango wake, na mwenzake akamjibu kwamba yuko pamoja naye kwa moyo wote.

Watu wawili, majabali mawili, juu kote kuwili. Mmoja alikataa kuruka, mwingine alikubali kupanda. Wote wawili walimtii Mungu. Kwa hiyo tatizo halikuwa urefu wa mahali. Tatizo ni moyo unaokwenda nao, na utaratibu unaokwenda nao.

Na kama unadhani Mungu hajali vifaa vya usalama, soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Anaagiza kwamba ukijenga nyumba mpya, uweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Mungu aliyeumba mbingu na nchi aliketi akaandika sheria kuhusu ukingo wa dari! Yule anayekuambia kofia ya bodaboda ni ukosefu wa imani hajausoma mstari huo.

Basi nilimwambia mama: kijana anayekagua kamba yake hamjaribu Mungu. Anaheshimu uhai aliopewa.

Lakini mama hakuridhika, na alikuwa na haki. Akaniuliza, "Na yule wa Everest?"

Mnakumbuka. Mwezi wa Mei 2024, Mkenya mwenzetu Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki aliyependa milima, alifariki karibu sana na kilele cha Everest, mlima wa mita 8,849. Alikuwa anajaribu kupanda bila oksijeni ya mtungi. Mwenzake kutoka Nepal, Nawang Sherpa, aliyekwenda pamoja naye, naye hakurudi. Taifa lilihuzunika. Miaka miwili tu kabla ya hapo, Mei 2022, tulikuwa tumeshangilia James Kagambi alipofika kilele hichohicho akiwa na umri wa miaka 62, Mkenya wa kwanza kusimama pale. Mlima mmoja, watu wawili wa nchi moja. Huyu alirudi tukampokea, yule alibaki.

Niliona maneno mengi mtandaoni siku zile, na mengine yaliandikwa na watu wanaojiita watumishi. Wengine walisema ni kiburi. Wengine walisema angekuwa na maombi asingekufa. Mpendwa, naomba tusiwe watu wa namna hiyo. Bwana Yesu aliulizwa swali kama hilo. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, na yeye akauliza kama tunadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Iko Luka 13:4. Mtu akifa kwenye mwamba, kazi ya kanisa si kupiga hesabu ya dhambi zake. Kazi yetu ni kulia na mama yake.

Kwa hiyo sikumdanganya mama. Sikumwambia kwamba mwanawe hawezi kuumia kwa sababu analipa zaka. Nilimwambia kamba ni nzuri na mshika kamba ni mzuri, na bado mwanadamu ni nyasi. Imani inayohitaji kuahidiwa kwamba hakuna baya litakalotokea haitavuka hata mwaka mmoja katika mji huu wetu. Wewe unayeishi hapa unajua ninachosema.

Nikamsimulia habari mbili za Mlima Kenya. Watu wengi hudhani mlima ule una kilele kimoja. Lenana, mita 4,985, unaufikia kwa kutembea ukiwa na pumzi na blanketi zito. Lakini Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni miamba mitupu. Bila kamba hufiki. Mtu wa kwanza kuandikwa kwamba alifika Batian ni Mwingereza Halford Mackinder mwaka wa 1899, na hata yeye alifika pamoja na waongozaji wawili, César Ollier na Joseph Brocherel. Mtu akisema "nilipanda Batian", muulize mlikuwa wangapi.

Habari ya kwanza ni ya Septemba 1970. Madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian. Jiwe likang'oka, Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika vibaya. Oelz alimfunga mwenzake, akateremka kutafuta msaada, kisha akafanya jambo ambalo wengi tusingelifanya: alipanda tena kwenye baridi ile akae naye. Wapanda milima wa Kenya wakaja na kamba, dawa na chakula. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka akiwa katika kazi hiyo ya kuokoa. Baba yake Judmaier akaleta waokoaji kutoka Austria kwa ndege. Ilichukua siku 9 kumteremsha. Na aliishi!

Mhubiri 4:10 inatuambia ole wake aliye peke yake aangukapo. Daktari yule hakuokolewa na ushujaa wake. Aliokolewa na rafiki aliyerudi, na watu wengi ambao hawakumjua, na mmoja wao alilipa kwa uhai wake.

Habari ya pili ni ya mwaka huohuo. Mpandaji mmoja wa Nairobi, Ian Howell, aliona kwamba watu wanakwama juu ya Nelion usiku, na baridi ya pale inaua. Akaamua kujenga kibanda kidogo juu kabisa. Kibanda cha bati, cha watu wachache kujibana. Vipande vyake alivibeba mwenyewe mgongoni, akiupanda mwamba ule peke yake mara 13. Mara 13, mpendwa! Mara ya kwanza angeweza kupiga picha na kujisifu. Mara ya pili mpaka ya 13 ni kwa ajili ya mtu ambaye hajafika bado. Kibanda kile kimewalaza watu wengi ambao hawakumwona Howell hata siku moja.

Mimi nimejiuliza tangu wakati huo: je, katika wokovu wangu nimepanda mara ngapi kwa ajili yangu, na mara ngapi kwa ajili ya mwingine atakayechelewa na giza?

Mama alipokuwa bado ananisikiliza, nilimuuliza swali langu. "Mama, ndugu zako kule Mwingi wakikupigia simu huwa wanakuambia nini?"

Akatabasamu. "Wananiambia nirudi nyumbani."

"Tangu lini?"

"Tangu 2012, Pasta."

Ninyi wa hapa mnaujua mwaka huo. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa Jumapili asubuhi, watu 17 wakafa. Kisha tarehe 2 Aprili 2015, chuo kikuu chetu, roho 148, wengi wao wanafunzi, na baadhi yao walikuwa wameamka kusali. Mama huyu anapika chai na chapati karibu na Soko Mugdi. Baadhi ya wanafunzi wale walikuwa wateja wake, anawakumbuka kwa namna walivyopenda chai, huyu kavu, yule ya maziwa mengi. Simu za nyumbani zililia wiki nzima. Rudini! Mnangoja nini huko? Mnamjaribu Mungu!

Hakurudi. Chuo kilipofunguliwa tena Januari 2016, na yeye alikuwa amewasha jiko lake.

Nikamwambia, "Mama, ndugu zako wanakuona wewe kama wewe unavyomwona mwanao. Wanaona mtu anayening'inia. Hawaioni kamba yako."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Kamba yangu ni Yesu, Pasta. Na majirani."

Na majirani. Mpendwa, usiyaruke maneno hayo mawili. Jirani zake ni Wasomali, ni Waislamu. Ndio waliomfungia duka siku ile asionekane. Ndio wanaomletea nyama siku ya Idd, naye huwapelekea chapati Krismasi. Sisi Wakristo wa Kaskazini Mashariki tuna jambo la kuwaambia ndugu zetu wa bara: wako watu wanaoshika kamba yetu ambao hatusali nao msikiti wala kanisa moja.

Tarehe 21 Desemba 2015 basi lilikuwa linaelekea Mandera. Watu wenye bunduki wakalisimamisha, wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Kina mama waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa mmoja wa waliokataa, akapigwa risasi. Alifariki Januari 2016 akitibiwa Nairobi. Serikali ilimtunukia nishani baada ya kifo chake, na filamu ya Watu Wote ikaibeba habari ya basi lile mpaka mbali. Mimi nimehubiri Yohana 15:13 mara nyingi, kwamba hakuna upendo mkuu kuliko mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Siwezi tena kuuhubiri mstari huo nisimkumbuke mwalimu yule. Alishika kamba, hakuiachilia.

Basi hukumu yangu kwa swali la mama ni hii. Sikumkataza kijana. Nilimpa masharti matatu, naye ameyakubali mbele ya mama yake: asipande kamwe peke yake, asipande kamwe fundo lake likiwa halijakaguliwa, na akifika chini ampigie mama simu kabla hajamwambia mtu mwingine yeyote. Mama naye nilimpa sharti moja: aendelee kuomba, lakini alale.

Sasa nageuka kwako wewe unayesoma. Huenda hujawahi kuona mwamba wa kupanda. Lakini una ukuta mbele yako. Wewe mwalimu uliyepangiwa shule ya mbali na unaogopa kuripoti. Wewe muuguzi unayesafiri barabara ya vumbi kwenda zamu. Wewe dada uliyeachwa na watoto watatu na kodi ya nyumba. Wewe kijana uliyeteleza mwezi uliopita ukarudia pombe, na sasa unaona haya kurudi ushirika. Sikia: kuteleza kumehesabiwa tangu mwanzo. Ndiyo maana kamba ipo. Soma Mithali 24:16 uone mwenye haki anaanguka mara ngapi na bado anaitwa mwenye haki.

Wiki hii fanya mambo matatu. Tafuta mtu mmoja umwambie, "Nikague fundo." Usichague anayekuogopa, chagua anayekupenda. Pili, mtazame mtu mmoja unayemshikia kamba, mtoto, mke, mume, mfanyakazi mwenzako, na uweke simu chini umsikilize. Tatu, tafuta jirani ambaye amekushikia kamba bila wewe kumshukuru, hata kama anasali tofauti na wewe, ukamsalimie kwa heshima. Mpelekee hata chapati mbili.

Tuombe. Baba katika jina la Yesu, wewe ni Mwamba ulio juu kuliko sisi. Tunakuletea kila anayepanda leo mikono ikitetemeka. Mwonyeshe pa kuweka mguu. Wape walioanguka watu wa kurudi juu kukaa nao. Wafariji mama ambao watoto wao hawakurudi, wa chuo, wa barabarani, wa mlimani. Linda Garissa, linda Wajir, linda Mandera. Wabariki majirani zetu waliotushika wakati hatukuwa na wa kutushika. Na utupe moyo wa kubeba bati moja zaidi kwa ajili ya yule atakayekuja nyuma yetu. Amina.

Jioni njema, na Bwana akulinde. Kama kuna mtu unamjua ambaye yuko ukutani peke yake, usimtumie ujumbe huu tu. Mpigie.